Msimu Niliofukuzwa Kazi Kila Siku

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba kasema mtu akisafiri nje ya nchi lazima aandike shajara, ati ndivyo wafanyavyo watu wa maana. Ya kwake nimeichungulia. Ina jina lake, namba ya pasipoti na nusu ukurasa wa kulalamikia chakula cha kwenye ndege. Basi mimi nitamshinda. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa makubaliano, lakini mkono unaandika na mdomo haujawahi kukosa neno.

Tumefika na mvua. Begi la mjomba limefika nalo. Langu limekwenda nchi nyingine kustarehe.

Kazi iliyotuleta ni hii. Mjomba anafundisha uongozi, na wanafunzi wake si watoto: ni wahandisi na mafundi wakuu wa mtambo wa kusafisha maji. Walipandishwa vyeo kwa sababu wanazijua pampu, halafu ikagundulika watu hawawajui. Pampu ikigoma, wanaifungua wanaona kilichoharibika. Mtu akigoma, wanamkodolea macho. Hapo ndipo naingia mimi. Mjomba anatoa zoezi, wao wanakuwa mabosi, mimi nakuwa Mkaidi. Siku moja mchelewaji, siku nyingine mlevi, siku nyingine mjeuri tu asiye na sababu, na hiyo ndiyo naipenda. Wananikanya, wananionya, wakifika somo la mwisho wananifukuza kazi. Nalipwa kwa kufukuzwa. Tafuta dunia nzima, uniletee mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba kanitambulisha ukumbini kama "msaidizi wangu". Msaidizi! Nimekasirika mpaka chai ikanipita kooni bila ladha. Bila mimi angekuwa anawafukuza viti.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi uko juu ya ofisi, madirisha yanatazama matangi makubwa ya maji. Viti vya plastiki, feni moja inayolalamika, ubao mweupe. Wanafunzi ni kumi na wawili, wote na kalamu mfukoni kama askari na risasi.

Somo la kufukuza lina hatua tatu, za mjomba mwenyewe: salimia, sema, nyamaza. Wahandisi wanapenda hatua. Mmoja wao, nimempa jina Miwani, amezichora na mishale kati yake. Akaja mbele, akanisalimia, akasema "mkataba wako unaishia leo", akanyamaza. Mimi nikaangua kilio. Jamaa akatazama mchoro wake. Hakukuwa na mshale wa kilio. Akanisalimia upya.

Darasa lilicheka, nami nikamwonea huruma, nikampa ile sentensi yangu. Hii sentensi ni mali yangu, niliitunga mwaka jana na mjomba huwa anajisifia kwayo: "Nimekubali. Naondoka kwa hiari yangu, na sina neno na mtu." Ukiisema, unamwona bosi mabega yanashuka, anapumua kama aliyetua gunia. Zoezi linaisha, makofi, anayefuata.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimefukuzwa. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kuna mwanamke kaniharibia kazi na bado nina hasira naye.

Mtambo una zamu mbili. Mkuu wa zamu moja ni Miwani. Wa zamu ya pili ni huyu mwanamke, mhandisi wa pampu, mtu mzima, ana funguo nyingi kiunoni na uso usiocheka bure. Nimemwita Bi Pampu. Usoni namwita Injinia, sijachoka kuishi. Darasa zima linajua kwamba mvua zikiisha zamu zitaunganishwa, na mkuu atabaki mmoja. Atakayebaki atakaa kwenye nyumba ya kampuni ile iliyo nyuma ya geti. Kwa sasa anakaa Bi Pampu, pamoja na baba yake ambaye nyonga imemharibikia na ngazi haziwezi. Ile nyumba haina ngazi hata moja.

Sasa alipokuja mbele anifukuze kwa uchelewaji, akasalimia vizuri, halafu badala ya kusema akaniuliza nachelewa kwa nini. Nikamwambia mama mgonjwa. Akauliza mgonjwa wa nini. Nikasema miguu. Mguu upi? Yote. Anapikiwa na nani? Jirani. Jirani naye anaondoka saa ngapi? Nikaanza kutunga jirani, watoto wa jirani, ratiba ya jirani, mpaka nikaishiwa uongo, mimi huyu! Muda ukaisha. Bi Pampu akaliambia darasa kwamba amenihamishia zamu ya mchana.

Mjomba kampa sifuri. Miwani alipata nane.

Nikamfuata nje nikamwambia, Injinia, mimi nipo pale kufukuzwa, si kuhamishwa. Akanitazama, akasema, "Mama yako kweli anaumwa miguu?" Nikasema hapana, anaruka kamba. Akasema vizuri, akaenda zake.

Jeuri namna hii sijapata kuiona.

Jumatano, 19 Machi

Nimegundua wanaonipa hasira ni wengi, si mmoja. Wapo wanaonifukuza huku wakitazama saa. Yuko mmoja ananifukuza kwa sauti ya kubembeleza, kana kwamba ananipa peremende. Mwingine leo kamaliza, kakaa, kamwuliza mwenzake, "Nimetumia dakika ngapi?" Najua ni mchezo. Lakini mtu akikuambia kutwa nzima kwamba huhitajiki, jioni unajikuta unasugua viatu vya mjomba bila kuambiwa.

Jumapili, 23 Machi

Nyumba ya wageni tunayolala iko ukuta kwa ukuta na kwa Bi Pampu. Baba yake hushinda barazani na ubao wa drafti, alikuwa dereva wa malori zamani. Leo kaniita.

"Wewe ndiye yule wanayemfukuza kila siku?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na bado hujaondoka. Huna haya."

Nikakaa, tukacheza. Anaiba, yule mzee. Anakohoa, ukitazama pembeni kete imehama. Nilipomwambia akasema amezeeka, macho hayaoni vizuri. Mbona kete zake anaziona? Nimefungwa mara zote na nimeahidi kurudi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imekuwa mvua kweli. Mto unaoleta maji mtamboni umegeuka uji wa matope na machujio yanaziba. Zamu ya Bi Pampu wamekesha wakiyasafisha, na asubuhi tunaingia kazini tukakuta kelele uani.

Hapa nimtaje Mkurugenzi. Huyu ukimsubiri ukumbini unajua amefika kabla ya mlango kufunguka, maana manukato yanatangulia. Kwangu ni Bwana Manukato. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli alioshikiwa na mlinzi, anataka zamu ya Bi Pampu iendelee kutwa, kwa sababu zamu ya Miwani haijatimia, wengine mvua imewakatia barabara. Bi Pampu alikuwa amelowa chapachapa. Akasema watu wake wamefikia kusinzia wamesimama, na mtu anayesinzia haingii kwenye chumba cha machujio. Akawageukia akawaambia waende wakalale. Yeye akabaki na wawili waliolala mchana, wakaendelea.

Bwana Manukato hakupiga kelele. Alitabasamu. Akamwambia, "Umeamua wewe, Injinia," akapanda ngazi.

Darasani mjomba akalitumia tukio lile kama mfano wa kiongozi anayeshindwa kusimamia uamuzi wa juu. Ila nilipokuja kufukuzwa na Miwani nilimkatalia mpaka jasho likamtoka, na ile sentensi sikumpa. Akae nayo hewa kifuani.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemfunga mzee mara moja! Kasema nimeiba. Ni kweli.

Jumanne, 1 Aprili

Leo Bi Pampu kamfukuza Mkaidi mlevi, yaani mimi, na ameifanya mpaka mwisho. Alinieleza kosa, akaniambia nitapumzika kwa nani, akaniandalia mtu wa kunipeleka nyumbani maana "umelewa, usivuke barabara peke yako". Halafu akanyamaza, ila hakutazama saa, alinitazama mimi. Nikasahau kwamba nimelewa.

Mjomba kampa nne kwa sababu amerefusha. Nikamwambia tukiwa njiani kwamba kati ya wote kumi na wawili, mimi mfukuzwaji bingwa, nikipewa nichague wa kunifukuza ningemchagua yule. Mjomba akacheka: mtoto, wewe hutoi maksi.

Kweli sitoi. Ningekuwa mwalimu mimi, Miwani angebeba ndoo.

Jumanne, 8 Aprili

Leo mjomba ameitwa ofisini kwa Bwana Manukato, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alikuwa mchangamfu kupita kiasi, akaniita "mwanangu". Mjomba akiniita mwanangu nakaaga chonjo, lakini alichosema kilinipaka mafuta, nami mafuta nayapenda. Kwanza, mkataba wetu utaendelea, kampuni ina mitambo mingine na sote tutaizunguka. Pili, nitaanza kufundisha nusu ya somo mwenyewe. Mwenyewe! Tatu, kesho Mkurugenzi atakuja kuonyesha darasa namna kiongozi wa juu anavyoachana na mtu wa cheo, na anayetakiwa kucheza nafasi yangu ni Bi Pampu.

"Ajue upande wa pili ukoje," mjomba akasema. "Itampandishia maksi. Nenda kamfundishe, asije akaanza maswali yake."

Nimeruka ukuta badala ya kupita getini, kwa furaha. Nikawakuta barazani, mzee anamenya chungwa. Nikamwambia Bi Pampu kwamba leo mwalimu ni mimi. Akauliza nafundisha nini. Nikasema kufukuzwa. Mzee akacheka mpaka chungwa likamponyoka.

Nimemfundisha vizuri, hilo lazima niliandike. Nimemwonyesha namna ya kukaa, mikono ilale magotini, usimkatize bosi, akinyamaza na wewe hesabu pumzi kidogo ndipo useme. Nikampa sentensi yangu, ambayo sijawahi kumfundisha mtu. Akairudia, akasita kwenye neno moja.

"Kwa hiari? Kama ananifukuza, hiari yangu iko wapi?"

"Dada, inapendeza hivyo. Niamini mimi, hii ndiyo fani yangu."

"Haya, fundi."

Ameniita fundi. Nikazidi kupanda kichwa. Nikamwambia, halafu dada, hizi funguo zako zinalia sana, zitumie: zitoe kiunoni, uziweke mezani, uzisukume mbele polepole. Darasa litatoa machozi. Akajaribu kwenye ubao wa drafti, mzee akajifanya Mkurugenzi, akajinusa makwapa. Tumecheka sana jioni ya leo.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Bwana Manukato alikaa mezani, Bi Pampu mbele yake, mimi kwa mara ya kwanza nimekaa kwenye viti vya watazamaji, nimekunja nne kama mwalimu. Mkurugenzi akasalimia. Akasema kampuni inaunganisha zamu, inamshukuru kwa miaka yake, na haina tena nafasi yake. Akanyamaza. Nikawa namhesabia Bi Pampu pumzi kimoyomoyo. Akasema sentensi yangu. Yote, bila kukosea, sauti yake tulivu: "Nimekubali. Naondoka kwa hiari yangu, na sina neno na mtu." Akafungua funguo kiunoni, akaziweka mezani, akazisukuma.

Makofi. Nilipiga mimi kwanza. Naliandika hili nilione: nilisimama, nikapiga makofi mimi kwanza, na wote wakafuata.

Bi Pampu akatabasamu, akanitafuta kwa macho. Halafu akanyoosha mkono achukue funguo zake. Bwana Manukato akaziinua, akazitia kwenye mfuko wa koti.

"Asante, Injinia. Umekubali mbele ya wenzako. Nyumba tutaihitaji Jumamosi."

Akacheka, Bi Pampu. Tukacheka wote. Ulikuwa mwendelezo wa zoezi, si ndiyo? Mkurugenzi akainuka, akamshika Miwani bega, akamwambia zamu zote ni zake kuanzia mchana, akatoka. Manukato yakabaki. Mkono wa Bi Pampu ulikuwa bado juu ya meza, umefunguka.

Hakuna aliyesogea. Nikamtazama mjomba. Alikuwa ametupa mgongo, anafuta ubao. Anafuta kwa nguvu, kona mpaka kona. Ubao haukuwa na kitu.

Baadaye, chumbani.

Nimemwuliza kama alijua. Akawa anakunja soksi. Nikamwuliza tena. Akasema sauti yangu niishushe, hapa si kwetu. Nikaipandisha. Nikamwambia mimi nimemlisha mwanamke yule maneno kwa kijiko, na wewe ndiye uliyenituma. Mjomba akaketi kitandani. Akasema mambo haya sitayaelewa, kampuni ingemwondoa tu, kwa vurugu au kwa utulivu, na kwa utulivu ni heri kwa kila mtu. Akifukuzwa lazima wamtajie kosa, na kosa la kuwapeleka watu kulala likisomwa nje ya geti litawaaibisha. Akiondoka mwenyewe, hakuna cha kusoma.

"Mimi nafundisha namna ya kusema," akasema. "Cha kusema ni chao."

Huyu ndiye aliyenichukua nilipotoka shule, watu wengine walipokuwa wananihesabu hasara. Alininunulia shati la kwanza lenye kola ngumu. Alinifundisha kupeana mkono na kutazama mtu machoni. Leo nimemtazama machoni, akayahamishia kwenye soksi.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Pampu kwa kupitia getini. Walikuwa wanafunga vitu. Mzee amekaa barazani kimya, ubao wa drafti umekunjwa mapajani, na aliponiona hakunitania. Hilo lilinichoma kuliko tusi.

Bi Pampu aliniuliza swali moja.

"Ulijua?"

"Sikujua, dada. Wallahi sikujua."

Sijui kama aliniamini. Akaendelea kufunga sufuria kwa magazeti. Akanieleza, kama mtu anayeeleza pampu iliyoharibika, kwamba jana mchana alikwenda ofisi ya kazi ya serikali na afisa amekubali kusikiliza kesho, kwa sababu ya nyumba na mgonjwa. Kampuni imejibu kwamba hakufukuzwa, aliondoka mwenyewe mbele ya watu. Anahitaji mtu mmoja wa kusema lilikuwa zoezi. Amewapitia wenzake kumi na mmoja. Mmoja ana mtoto anayesomeshwa na kampuni. Mmoja alisema hakusikia vizuri kwa sababu ya feni. Feni! Miwani hakufungua mlango, alizungumza kupitia dirisha la jikoni, akasema yeye ameitwa upande wa kampuni.

Hakuniomba. Ningependa aniombe, nijione mtu. Alisema tu kwamba kitanda cha baba yake hakipiti mlangoni bila kufunguliwa, kama nina nafasi. Nikakifungua, ubao kwa ubao, mzee akinitazama. Nilipofika msumari wa mwisho nikamwambia nitakuja kesho ofisi ya kazi. Akasema saa nne. Hakusema asante, na nikashukuru.

Mchana mama kapiga simu. Kaka yake ameshamwambia. Mama yangu hasemi sana akiwa na hasira, anauliza tu. Aliyekuvisha ni nani? Aliyekulipia ndege ni nani? Huyo mwanamke ni nani kwako? Nikajibu la mwisho. Nikasema si mtu wangu, ni mtu niliyemfundisha. Akasema nikimwaibisha mjomba mbele ya wageni, nisije kusema nina mjomba. Akakata.

Kozi ya hapa imekwisha na ndege yetu ni kesho alasiri, mitambo mingine ati tutarudi kuizunguka baadaye. Mjomba ameweka pasipoti yangu kwenye begi lake, ndani kabisa, akavuta zipu huku ananiangalia.

Ijumaa, 11 Aprili

Ofisi ya kazi ni chumba kimoja chenye benchi mbili zinazotazamana. Afisa ni mama mmoja mwenye mafua, anapenga kamasi na kuandika, anapenga na kuandika. Benchi ya kule: Bwana Manukato, Miwani, na mjomba wangu, kavaa suti yake ya kufungulia semina. Benchi ya huku: Bi Pampu. Nikaingia. Mjomba akagonga benchi kando yake, nikae. Nikakaa huku.

Afisa akaniuliza kazi yangu.

"Kufukuzwa kazi."

"Kwa kosa gani?"

"Inategemea na siku, mama."

Hakucheka. Akaniambia nikimchezea atanitoa nje. Basi nikamweleza vizuri, tangu Machi mpaka juzi. Bwana Manukato akasema kwa upole wake kwamba mimi ni kijana wa michezo, mgeni, sina cheti chochote, na kwamba maneno ya Injinia yalisikiwa na watu wote. Miwani akaombwa ayarudie maneno hayo. Akayarudia, neno kwa neno.

Nikasimama. Nikasema hayo maneno ni yangu. Mwulize huyuhuyu, amenisikia nikiyasema mara ngapi ukumbini humo. Mwulize, mimi nilipokuwa nayasema, niliondoka? Si nilirudi kesho yake akanifukuza tena? Kama maneno yale ni kujiuzulu, basi mimi nimejiuzulu kwake msimu mzima, anipe barua zangu.

Afisa akamgeukia Miwani. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Ni ya kijana," akasema. "Alikuwa anayasema kila siku."

Bwana Manukato akamtazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa maishani. Afisa akapenga, akamwuliza mjomba: wewe ndiye mwalimu, juzi lilikuwa zoezi au halikuwa?

Mjomba akasema hakuwa anaangalia. Alikuwa anafuta ubao.

"Ulikuwa mtupu, mjomba," nikasema.

Sikusema kwa jeuri. Nilitaka kusema kwa jeuri, sauti ikatoka ya mtoto. Mjomba aliinamisha kichwa, na hakukiinua tena mpaka afisa alipomaliza kuandika. Afisa akasema mtu hawezi kutolewa kwenye nyumba kwa maneno aliyofundishwa ayaseme darasani. Shauri lina siku yake mwisho wa mwezi, na mpaka siku hiyo Injinia abaki nyumbani kwake, asiguswe yeye wala mzazi wake. Kazi yenyewe, tutaona. Mimi pia nitarudi kusema tena.

Nje, kwenye korido, mjomba alinifikia. Akanipa pasipoti yangu, akanisukumia kifuani. Akasema sina adabu, sina shukrani, nimekata mkate wake mbele ya watu, nisirudi kwake, nisitaje jina lake, na atakapokufa nisije kumtia udongo. Watu walisimama kuangalia. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na sauti inamkatika. Mwezi mzima na zaidi nimefukuzwa na watu wenye adabu zao. Leo ndiyo mara ya kwanza nafukuzwa na mtu anayelia.

Nilikuwa na hasira nyingi za kumtupia, nilizibeba tangu Jumatano, nimezipanga kabisa. Sikutoa hata moja. Akashuka kuelekea teksi, mvua ikanyesha juu ya suti yake ya semina, hakufungua mwavuli.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna kozi, hakuna mjomba. Mama hapokei simu. Nyumba ya wageni wameniambia niondoke kufikia saa sita, na wamesema bila hatua yoyote.

Nimekwenda kwa Bi Pampu kukirudisha kitanda cha mzee. Msumari mmoja sikuuona, nimetumia wa mlango. Mzee akajilaza, akajigeuza, akasema kichwa kilikuwa upande wa dirisha na mimi nimekiweka upande wa ukuta. Nikamwambia ni palepale. Akasema yeye ndiye anayekilalia. Bi Pampu akatoka jikoni bila funguo kiunoni, anatembea kimya, bado sijamzoea. Akashika upande mmoja, akaniambia nishike ule mwingine.

Tumekigeuza. Mzee kakaa, katazama nje, kasema sasa kimekuwa kibovu zaidi, ila basi.